Tahadhari: anayejiita mthamini wa sarafu za Mjerumani, na hela ya bibi iliyobadilishwa

Ndugu zangu, naandika kuwatahadharisha wote wanaotunza vitu vya urithi, hasa walioko Tabora, Singida na Dar es Salaam, kwa sababu mtu aliyetuibia bado anazunguka akijitambulisha kuwa mthamini wa sarafu za kale.

Bibi yetu alipofariki, shangazi alifungua kasha lake akakuta khanga kuukuu ambayo pindo lake lilikuwa limefungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na kipande cha mviringo cha shaba ya njano. Upande mmoja kina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi ndogo T. Upande wa pili kina namba 20 na neno HELLER, vikiwa vimezungukwa na matawi. Hakuna aliyejua ni nini. Wengine walisema ni namba ya kibarua wa reli, wengine wakasema ni hirizi. Nikaanza kuuliza huku na kule, na habari zikamfikia huyo bwana kabla hazijamfikia mtu mwenye jibu.

Alifika nyumbani kwa shangazi akiwa nadhifu, na mkobani ana mizani ndogo na kioo cha kukuzia. Alimwamkia shangazi kwa adabu zote, akakigeuza kile kipande vidoleni kwa muda mrefu, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ni dhahabu ya Tabora. Hapo ndipo penye hatari, maana uongo wake aliupandikiza juu ya jambo la kweli. Mwaka 1916, manowari za Uingereza zilipokuwa zimefunga bahari na fedha kutoka Ujerumani zikawa hazifiki, serikali ya kikoloni ilifua sarafu zake katika karakana ya reli ya Tabora, na miongoni mwake ilikuwepo kweli sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida. Lakini hiyo ina tembo upande mmoja na tai upande wa pili, upana wake ni kama milimita 22, uzito wake ni gramu 7 na ushee, na zilifuliwa takriban 16,000 tu. Yetu ilikuwa heller 20 ya shaba (heller ni sehemu ndogo ya rupia, kama senti kwa shilingi), yenye upana wa karibu milimita 29, na za aina hiyo zilifuliwa zaidi ya milioni moja. T ni Tabora, D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la Kijerumani la koloni. Na heller ndiyo iliyotuachia neno hela tunalolitamka kila siku. Kuyajua haya kunahitaji macho na rula tu, lakini siku ile sikuyajua.

Alidai kwanza shilingi 180,000 za kununulia asidi ya kupimia. Nilipositasita, aliweka sarafu juu ya simu yake mwenyewe, taa ya simu ikazimika, akasema sarafu halisi za Mjerumani ndivyo zilivyo, zina nguvu inayozima vyombo. Shangazi aliogopa, akanisihi nilipe ili jambo liishe. Naomba mlisikie hili vizuri: shaba haizimi simu, na mtu anayekuonyesha kioja kwa simu yake anakuonyesha alichokipanga kabla hajabisha hodi. Baada ya kupokea fedha akaomba aondoke na sarafu kwenda nayo maabara, nasi tukampa.

Alirudi siku ya tisa, akatuambia kwa upole kwamba ni shaba tu, akatukabidhi na kuaga. Bahati njema binti wa shangazi alikuwa ameipiga picha pande zote mbili. Tulipolinganisha, tuliona herufi za hii tuliyorudishiwa zimefifia mithili ya maandishi ya sabuni iliyotumika, ukingoni mna mstari wa kiungo kama wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, na ile T haipo kabisa.

Sarafu ya bibi isingemtajirisha mtu. Kwetu ilikuwa kitu alichokifunga kwa mikono yake na kukitunza maisha yake yote, na ndiyo maana nimeumia kuliko zile fedha. Aliye na kipande kama hicho aanzie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Akipige picha pande zote na ukingo wake, akipime mwenyewe, na asikubali kitoke machoni pake hata kwa dakika moja.

Taarifa tumeitoa polisi, pamoja na ile ya bandia. Ukiuziwa heller 20 ya 1916 yenye kovu la kukatwa juu ya L ya kwanza ya HELLER, na ukingo uliobonyea karibu na taji, tafadhali usiinunue, bali mpeleke muuzaji kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Hiyo ni ya bibi yetu.