Chupa ya chai ya kioo na ya chuma: kinachouzwa ni utupu

Ukiifungua chupa ya chai ya kawaida ya lita 1.8, ile yenye gamba la plastiki la maua, ndani unakuta kioo chenye kuta mbili zilizopakwa rangi ya fedha, na kati yake milimita chache za ombwe, yaani utupu usio na hewa. Fedha hurudisha mionzi ya joto. Ombwe huinyima hewa nafasi ya kulibeba. Mengine ni mapambo. Mwanasayansi James Dewar aliibuni London mwaka 1892 ili kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Chai ilifuata baadaye.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi chupa inavyokufa ghafla: jana chai ilikuwa moto hadi jioni, leo saa nne asubuhi imepoa. Molekuli za hewa ya chumbani hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde, lakini hazifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana. Ukiondoa nusu ya molekuli hizo, zilizobaki husafiri mara mbili zaidi kabla ya kugongana, na joto linalobebwa ni lilelile. Nafuu huja hewa inapopungua kiasi kwamba molekuli huvuka kutoka ukuta hadi ukuta bila kukutana na mwenzake. Ikibaki takriban sehemu moja ya milioni ya hewa ya kawaida, mwendo huo hufika sentimita kadhaa. Kwa hiyo hakuna ombwe la nusunusu: ufa usioonekana kwa macho unatosha kuiua chupa.

Kwenye ya kioo, kagua kitako. Chini ya kioo kuna ncha ndogo, pale hewa iliponyonywa kisha pakazibwa kwa moto. Pasipo na kikalio cha mpira chini yake, usinunue. Kijiko cha kukorogea kisiingie humo kamwe, na usimimine maji yanayochemka kwenye kioo baridi. Tanguliza maji ya uvuguvugu.

Ya chuma kisichoshika kutu huvumilia kuanguka, ila chuma hicho hupitisha joto takriban mara 15 kuliko kioo, ndiyo maana ukuta wake shingoni hufanywa mwembamba sana. Kwa safari na watoto wa shule, chukua hii. Kwa mezani, ya kioo bado inashinda kwa unafuu wa bei.

Kabla ya kulipa, omba ijazwe maji yanayochemka, ifungwe, isubiri dakika 10, halafu papasa mwili wake. Shingoni kuwa vuguvugu ni sawa. Ubavu wa chuma ukiwa moto, ombwe halipo. Kuweka sikio mdomoni usikie mvumo hakuthibitishi kitu. Hata mtungi huvuma.

Joto jingi hutorokea kwenye kizibo, kwa hiyo mpira ukilegea ubadilishe. Jaza hadi karibu na kizibo pia: chupa iliyojaa robo hupoa haraka.

Ile ya kubonyeza ni rahisi kwa wageni, lakini kila bonyezo huingiza hewa baridi ya nje ili kusukuma chai juu. Mrija wake hauoshwi kirahisi na mabaki ya maziwa hugandia humo. Weka chai ya rangi tu.