Mafungo ya Mtakatifu Inyasi ukiwa nyumbani: yanajenga udumifu?

Mazoezi ya Kiroho, mpango wa sala na tafakari ulioandikwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, hufanywa kwa takriban siku 30 za ukimya katika nyumba ya mafungo. Asiyeweza kuacha kazi na watoto, Inyasi mwenyewe alimwekea njia nyingine katika elekezo la 19 la kitabu chake: saa moja na nusu kila siku, akibaki kwake. Hivi leo safari hiyo huchukua miezi, ukionana na mwongozaji kila wiki hivi. Kwa anayetafuta fadhila ya nguvu, yaani moyo wa kudumu katika magumu, tunaipendelea hii ya nyumbani, maana hakuna kengele ya kukuamsha wala wenzako wa kukuvuta kanisani.

Kila siku huenda hivi. Usiku, kabla ya kusinzia, kwa muda wa Salamu Maria moja, kumbuka saa ya kuamka na somo la kutafakari. Ukifika mahali pa kusali, simama hatua moja au mbili nyuma, muda wa Baba Yetu, ukiwaza kwamba Mungu anakutazama. Malizia tafakari kwa kuongea na Kristo kama rafiki na rafiki yake, kisha tumia robo saa kupitia jinsi sala ilivyokwenda. Robo saa hii ndiyo watu huiruka kwanza, na wakionana na mwongozaji hawana la kumweleza.

Wengi hukwama kwenye ukavu. Sala ikiwa tamu, saa haitoshi. Ikikauka, dakika ya 40 mtu kashafunga Biblia. Agizo la Inyasi ni kali, na ndilo linaloyapa mafungo haya thamani: wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokauka na Mungu kuonekana yuko mbali, usipunguze saa, izidishe kidogo; na uamuzi uliofanya wakati wa faraja, moyo ulipojaa amani, usiuguse. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kanisa, alifundisha kwamba tendo kuu la nguvu ni kustahimili, zaidi ya kushambulia. Dakika hizo chache za ziada ni kustahimili kwenyewe.

Kasoro ya mafungo haya ni kumtegemea mno mwongozaji. Inyasi anamtaka awe mpole kwa aliye katika ukiwa; anayekaripia humfukuza mtu. Ukipewa makaratasi ya masomo tu, bila mtu wa kuonana naye, usilipie. Mwenye sonona amwambie mwongozaji mapema, na matibabu yake asiyaache. Kabla ya kujiandikisha uliza: nani ataniongoza, aliandaliwa wapi kwa kazi hiyo, tutaonana mara ngapi?