Maunten baiki ya kaboni ndani ya Tanga: mlima inauweza, shida ni spana za mtaani

Nianze na jibu kabisa ili asiyetaka maneno mengi aondoke nalo: baiskeli ya kaboni Tanga inafaa, tena inafaa sana tu, ila kama unainunua bila kununua na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti, basi bora ubaki na Phoenix yako, ile haina deni na mtu.

Ninayoiongelea hapa ni maunten baiki ya mtumba, fremu kaboni, ringi inchi 29, shokapu mbele tu nyuma hamna, sahani moja mbele na gia 12 nyuma, breki za diski za mafuta. Kampuni siitaji kwasababu kuna lawama moja nitaitoa huko chini na sitafuti ugomvi na mtu, alafu mengi ninayosema yanahusu kaboni ya kampuni yoyote ile. Natembea nayo mjini, jioni Raskazone, siku nyingine Mabokweni mpaka Amboni kwenye mapango, na wikiendi nikipata nafasi naipakia mpaka Muheza napanda Amani.

Uzito kwanza maana ndo kila mtu anauliza, akishaiuliza anainyanyua kwa kidole kimoja mbele za watu. Ni kilo 11 na kidogo pamoja na pedeli, wakati za aluminiamu za daraja hilo zinacheza 13 mpaka 14. Kwa kutoka Ngamiani kwenda Chumbageni hizo kilo mbili ni upuuzi mtupu, Tanga mjini tambarare, mama zetu wanakwenda sokoni na baiskeli za chuma zina kapu mbele na mtoto nyuma na wala hawahemi. Utamu unauona ukishavuka geti la Sigi unaanza kupanda kuelekea Amani, kule juu ni karibu mita 900 toka usawa wa bahari, njia mawe na udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha, hapo ukikanyaga pedeli nguvu yote inaenda kwenye tairi, fremu haipindipindi chini yako. Hiyo naipa alama zote. Ila wanaosema kaboni inalainisha barabara wanatia chumvi, kinacholainisha ni tairi pana yenye upepo mdogo, mimi ni mwepesi naweka psi 22 mbele na 24 nyuma na silanti (maji mazito ya kuziba pancha) ndani, hamna tyubu, mawe ya chokaa ya Amboni yanapita bila kelele.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Chuma kikipata kishindo kinapinda, aluminiamu inabonyea, unaona kwa macho unajua hapa pana kesi. Kaboni haina tabia hiyo. Ni nyuzi zimepangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ya epoksi, na zimepangwa kwa kufuata upande ambao nguvu itatoka, yaani pale fremu inapovutwa ukiwa unaendesha ina nguvu ya ajabu, lakini ukiibana kutoka pembeni kwa kitu kigumu, au ukikaza kibano kupita kiasi, unaiumiza upande ambao hakuna aliyeupangia nyuzi. Na ikiumia inaweza kubaki nzuri kwa nje, rangi inang'aa, ndani tabaka zimeachana. Siku inakatika haikupi taarifa.

Kwahiyo adui mkubwa wa hii baiskeli sio jiwe la Amani, ni mkono wa fundi mwenye roho nzuri. Mafundi wetu wa Ngamiani nawakubali, kwa kunyoosha ringi na kuziba pancha sijaona mfano wao, lakini wamekulia kwenye chuma na kwenye chuma bolti inakazwa mpaka mtu atoe sauti. Nilimpelekea mzee mmoja anibadilishie cheni, nikamwamkia, akamaliza kazi vizuri kabisa, alafu jicho likaenda kwenye stemu, kile kipande kinachoshika usukani.

"Mwanangu huku juu pamelegea, lete nikukazie ikae kiume."

"Hapana mzee wangu, imetosha, si unaona hapo imeandikwa 5."

"Tano ya nini?"

"Ya nguvu mzee."

Akacheka mpaka wenzake wa banda la pili wakaja kuangalia. "Nguvu nayo inahesabiwa? Na hii plastiki umenunua shilingi ngapi?"

Plastiki, haya. Ile Dreamliner ya Air Tanzania iliyotua 2018, karibu nusu ya uzito wa bodi yake ni vitu vya jamii hii hii, na mzee nilimwambia hivyo akasema basi na yeye ndege hapandi.

Hiyo 5 ni nyutoni mita. Kwa lugha ya mkono, shika alenki yenye urefu wa sentimita 10 alafu mwisho wake ning'iniza kilo 5, basi, hapo ndo mwisho. Ni kidogo sana, mtu mzima anaifikisha kwa vidole viwili na anaipita bila kujua. Stemu nyingi na kibano cha siti vinacheza 4 mpaka 6, na mara nyingi namba imeandikwa palepale kwenye chuma, soma hiyo usisome ya kwangu. Pedeli zenyewe zinataka kama 35 mpaka 40, sasa fikiria fundi anayetumia mkono uleule kwa vyote viwili. Jamaa yangu mmoja alikaziwa kibano cha siti kwenye banda fulani hapa mjini, ikatoa mlio mdogo tu, mwezi uliofuata ufa umeteremka toka kwenye tundu la siti mpaka unapotokea mrija wa juu, fremu imekufa na hajawahi kuanguka nayo hata mara moja.

Spana ya toki ndogo ya baiskeli ninayo, niliagiza Dar, inaanzia 2 mpaka 20 hivi, na ukiwa na bolti nne za stemu unazikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, uhakikishe uwazi wa juu na wa chini unalingana. Msichukue ile ya gereji ya magari, inaanzia juu sana, kwenye 5 haisikii kitu. Kitu kingine ni ile pasta ya kaboni yenye chembechembe kama mchanga laini, unapaka kwenye bomba la siti na kwenye usukani pale unapobanwa, inashika bila kukaza sana. Wengi wanapaka grisi kwa mazoea, siti inateleza kushuka, wanakaza zaidi, inateleza tena, wanakaza zaidi, mwisho wake umeshausoma hapo juu. Na bomba la siti lina alama ya mwisho wa kulitoa, warefu wenzangu tusijidanganye, ukipita ile alama bomba linakuwa kama mtaimbo unaobandua fremu kwa ndani.

Chumvi sasa, na hapa ndo wale maelezo ya mtandaoni yaliyoandikwa na watu wa kwenye theluji hayatusaidii sana. Kaboni yenyewe haipati kutu, kweli, lakini ikigusana na aluminiamu pakiwa na maji ya chumvi katikati inageuka kama betri na anayeliwa ni aluminiamu. Kwa sisi tunaokaa na upepo wa bahari masaa 24 hiyo sio nadharia. Utaona unga mweupe pale kwenye vijinati vya kushikia chupa ya maji, rangi inavimba pembeni yake, na bomba la siti la aluminiamu linagandana na fremu mpaka halitoki kwa dua wala kwa nyundo (nyundo usijaribu). Kwahiyo kila mwezi nachomoa bomba la siti, nafuta ndani na nje, napaka pasta upya narudisha. Ukitoka Mwambani au ukipita njia ya Pangani kule kwenye mchanga mchanga wa baharini, ukifika nyumbani maji baridi ya ndoo, sabuni ya vyombo kidogo, sponji, kausha na kitambaa. Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, ule mpigo unasukuma maji na mchanga ndani ya beringi na unatoa grisi yote. Na ukikwaruza rangi mpaka ukaona nyuzi, safisha pakauke, paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi, nimeiba kwa wife na hajajua mpaka leo.

Usafiri nao. Ukiipandisha juu ya basi stendi ya Kange unaikabidhi kwa kijana mwenye kamba ya mpira ambaye kazi yake ni kuhakikisha mzigo haudondoki, na mrija wa juu wa fremu kwake ni sehemu nzuri ya kufungia, anavuta mguu umekanyaga, juu yake linakuja gunia la machungwa ya Muheza. Mrija wa juu mara nyingi ndo wenye ukuta mwembamba. Mimi natoa magurudumu, nafunga fremu kwa godoro la zamani, inaingia kwenye buti chini na nalipia kama mzigo, konda ananiona mgonjwa lakini ananizoea. Hata nyumbani ukitaka kuining'iniza wakati wa kuitengeneza, shika kwenye bomba la siti, usibane fremu kwenye jiliwa.

Ikianguka? Usirukie tu kuendelea na safari. Ifute iwe safi kabisa, pitia mwangani hasa chini pale mrija mkubwa unapopigwa na mawe, kwenye shingo, na pale cheni inapokwama karibu na tairi la nyuma. Pitisha kitambaa cha pamba, kikinasa kuna nyuzi zimetoka. Gonga na sarafu ya mia mbili ukisikiliza, palipo pazima panalia kavu, paliposhikwa na ugonjwa panalia butu, ila unene wa fremu nao unabadilisha mlio kwahiyo linganisha kushoto na kulia sehemu ileile. Ukibonyeza kwa dole gumba pakaingia, hiyo weka chini. Na usukani wa kaboni uliopigwa kishindo kikubwa mimi sigongi wala sisikilizi, natupa, ule ukikatika unatangulia na uso.

Kuna watu wananiambia kaboni si unapeleka tu kwa mafundi wa boti za faibaglasi wanaziba. Hapana jamani. Kaboni inatengenezeka kweli, kuna mafundi maalumu wanakata sehemu mbovu wanapanga nyuzi upya kwa mwelekeo wake, lakini kibandiko cha boti kinaziba maji tu, hakirudishi nguvu, na wewe huzibi maji hapa. Na mtu akipiga msasa kaboni bila barakoa ile vumbi yake inamwingia kifuani, apige na maji.

Mengine ni kama baiskeli yoyote ya gia. Breki zangu zinatumia mafuta ya madini, kuna nyingine zinatumia DOT kama gari, hizi mbili hazichanganywi hata tone, mpira wa ndani unaharibika. Silanti kwa joto letu naongeza kila baada ya miezi miwili hivi, inakauka haraka. Cheni ya gia 12 pima kwa kipimo, ikirefuka asilimia 0.5 badilisha, ukisubiri inakula na gia za nyuma ambazo bei yake ni msiba. Shokapu mbele ni ya upepo, nimepima nikikaa inashuka kama robo ya mwendo wake, sina maneno nayo.

Bei sitaki kuiandika kamili, ila ya mtumba safi ukiongeza kidogo unakaribia pikipiki mpya, na mama yangu amenikumbusha hilo zaidi ya mara moja. Kama matembezi yako ni ofisini na kijiweni usinunue, utakuwa unailinda tu. Kama unapanda milima na una subira ya kuchomoa siti kila mwezi, chukua, ila ya mtumba itoe stika zote kabla ya kulipa, hasa stika mpya kwenye fremu ya zamani, chini yake ndo wanafichia.

Ile lawama sasa: beringi za ekseli ya pedeli kwenye fremu hii zimeshindiliwa tu, hazina nyuzi za skrubu za kufungia, na tundu halikutoka sawasawa kiwandani, kwahiyo inalia kwenye mlima kila ukikanyaga, tambarare inanyamaza. Nimezitoa nimesafisha nimerudisha, ikatulia kidogo ikarudi. Kuna aina ya beringi ambazo nusu mbili zinafungana zenyewe kwa nyuzi za skrubu kwa ndani, nimeagiza kupitia jamaa wa Kariakoo, zikifika nitazifunga mwenyewe.