Madigadi ya mbele ya baiskeli ya mlimani: tazama mkia kwanza

Mimi navaa miwani, na mwenye miwani akiendesha baiskeli kwenye tope hana muda wa kubishana kuhusu urembo. Vioo vikishapakwa, mteremko unaushuka kwa kukisia. Ndiyo maana foki yangu, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, imeshafungwa aina zote tatu za madigadi ya mbele zinazopatikana kwa wingi: kipande kifupi cha plastiki laini, ile ndefu yenye mkia, na ile inayochomekwa kwa chini kwenye shingo ya usukani. Sitazipa nafasi sawa, maana hazilingani.

Ya shingoni niimalize haraka. Ina plagi ya mpira unayoiingiza ndani ya bomba la foki kutokea chini, ukikaza bolti mpira unatanuka na kushika. Kufunga ni rahisi, kutoa ni rahisi zaidi, na ikishakaa baiskeli inapendeza kweli. Shida yake ni pale inapokaa. Imeshikwa na sehemu ya juu ya foki, ambayo haisogei, huku gurudumu likipanda na kushuka na shokapu. Kama foki yako inazama milimita 140, madigadi lazima ikae juu ya tairi kwa zaidi ya hapo, la sivyo siku utakayotua kwa kishindo tairi litaipiga. Chukua rula uone sentimita 14 zilivyo. Tope lina uwanja mzima wa kupita, na ukikata kona tu matone yanaingia kwa ubavuni. Kwa baiskeli yenye foki ngumu isiyo na shokapu, hapo sawa, inunue bila wasiwasi. Kwa foki ndefu sioni sababu.

Watu wengi wakichagua madigadi huangalia pua ya mbele: imefika wapi, imechongoka vipi. Lakini fuata safari ya tope lenyewe. Tairi linaliokota chini, linalipandisha kwa upande wa nyuma, yaani upande unaotazama miguu yako, linalifikisha juu, ndipo linalishusha kwa mbele. Linalochomoka mapema, likiwa bado linapanda, linapiga bomba la chini la fremu, miguu na kidevu. Linalosubiri mpaka juu linarushwa mbele, na pale juu tairi linakwenda kwa kasi mara 2 ya kasi ya baiskeli. Basi tone linatangulia, hewa inalipunguza mwendo, na wewe unakuja nyuma yake unalipokea kwa uso. Kwa hiyo pua ina kazi yake, sikatai. Ila mzigo mkubwa wa tope na maji unatokea nyuma, na huko ndiko madigadi nyingi zimekatwa fupi.

Kipande kifupi ndicho wengi wanachoanza nacho, na si kibaya. Ni karatasi ya plastiki ya polipropilini, ile inayokunjika mara nyingi bila kupasuka, inafungwa kwa tai za plastiki kwenye tao la foki, lile daraja linalounganisha miguu yake miwili juu ya tairi, na kwenye miguu yenyewe. Uzito wake husikii. Kwa kuwa imeshikwa na tao, inapanda na kushuka pamoja na gurudumu, na hivyo inaweza kukaa karibu na tairi bila kugongwa. Tayari imeishinda ile ya shingoni. Inaziba lile pengo kati ya tao na kichwa cha foki, pale juu miguu inapokutana, ambako tope hupenya moja kwa moja kwenda machoni, na inazuia mchanga kurundikana nyuma ya tao, karibu na sili za shokapu, ile mipira inayozuia uchafu usiingie ndani. Hilo la sili halizungumzwi vya kutosha. Mchanga ukikaa pale, kila foki inapozama unasagwa kwenye mirija ile inayong'aa, na mrija ukishachunika hakuna grisi itakayourudishia uso wake. Hata asiyejali tope usoni afunge kipande hiki kwa ajili ya foki tu.

Ila ukishaanza kukimbia, kifupi kinaishiwa. Miguu inalowa, bomba la fremu linavaa tope, na kwenye madimbwi maji yanapanda kama vile hujafunga kitu.

Iliyobaki kwangu ni ile ndefu, ya plastiki nene kidogo iliyoumbwa mviringo, inayofungwa kwenye tao vilevile lakini mkia wake unashuka nyuma ya tairi. Tofauti unaiona ukifika nyumbani: bomba la chini lina vumbi la tope tu, na ile kona ya pedeli ambako uchafu hupenda kujaa inabaki unayoweza kuipangusa kwa kitambaa. Miwani haibaki safi kabisa, tusidanganyane. Kwenye mteremko wa kasi matone machache bado yanaruka kwa mbele. Lakini naona ninakokwenda.

Sura yake ni mbaya, hasa kwenye baiskeli nyepesi. Nimechekwa na wenzangu ambao nyuso zao wakati huo zilikuwa na rangi ya udongo.

Kuifunga kunataka utulivu. Kwanza safisha foki, ubandike utepe wa kulinda rangi kila mahali ambapo tai au plastiki itagusa, maana mchanga ukiingia kati unasugua kama msasa. Tai ya mguu wa kushoto isipite juu ya mpira unaopeleka mafuta ya breki na kuuminya. Mpira ubaki huru nje, tai iukumbatie mguu peke yake. Kaza tai zote nusu kwanza, zungusha gurudumu, nyoosha madigadi ikae katikati, ndipo umalizie. Vichwa vya tai vitazame nyuma, na ncha uzikate sawa kabisa na kichwa, kwa sababu tai iliyokatwa vibaya inachana ngozi unapoosha baiskeli. Tai nyeusi zinavumilia jua kuliko nyeupe. Mikanda ya kunata ni rahisi kuvua, ila inanyonya tope na kulegea.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Andika presha ya foki, toa upepo wote, kandamiza mpaka mwisho. Angalia kama mgongo wa madigadi unagusa kichwa cha foki na kama mkia unafika kwenye fremu. Geuza usukani kushoto na kulia ukiwa umekandamiza hivyohivyo. Ikigusa, punguza plastiki kwa kisu, kisha rudisha upepo kwenye kipimo ulichoandika.

Mahali ambapo siifungi ndefu ni kwenye udongo wa mfinyanzi unaonata. Hapo tope halirukiruki, linajijaza kati ya tairi na plastiki mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na kila aliyebeba baiskeli begani anajua uzito wake. Acha walau nafasi ya kidole juu ya meno ya tairi, na kama njia yako yote ni mfinyanzi, rudi kwenye kifupi.

Kabla ya kulipa, jua saizi ya gurudumu lako, inchi 26, 27.5 au 29, na upana wa tairi, kwa sababu madigadi nyembamba juu ya tairi la inchi 2.6 inaacha meno ya pembeni yakirusha kwa uhuru. Tazama pia tao liko upande gani. Foki za Manitou zina tao nyuma, na madigadi iliyoumbwa kwa tao la mbele haikai vizuri pale. Baadhi ya foki mpya, kama Fox 36 ya kuanzia 2021 na RockShox ZEB, zina matundu ya bolti ya kufungia madigadi yake maalumu. Zinakaa imara na hazipigi kelele, lakini nyingi ni fupi, kwa hiyo pima mkia kabla hujashawishika na unadhifu wa bolti.