Lenzi mkono ya mara 10 kwa kuchunguza uyoga mdogo wa majani makavu

Kwa msimu mzima wa mvua nimetumia lenzi mkono inayokuza mara 10 kuchunguza uyoga mdogo sana unaoota juu ya majani yaliyoanguka msituni, na ninaitathmini hapa kwa kazi hiyo peke yake. Uyoga huo ni hasa wa jenasi Marasmius na Mycena. Kofia yake mara nyingi ina upana wa milimita chache tu na shina lake ni jembamba kama unywele, kiasi kwamba mtu akisimama wima huona madoa meupe tu juu ya majani na kupita.

Ubora wa lenzi hii umo katika vioo vyake vitatu vilivyounganishwa kwa gundi angavu. Lenzi ya kioo kimoja huzungushia kila kitu pindo la rangi ambalo halimo katika kitu chenyewe, na hiyo ni dosari kubwa kwa mtu anayetaka kuamua kama kofia ni ya kahawia au ya waridi. Katika lenzi hii pindo hilo sikuliona, na picha hubaki safi hadi karibu kabisa na ukingo. Umbali wake wa fokasi ni takribani milimita 25, kwa hiyo huwekwa karibu na jicho, kisha jani ndilo huinuliwa polepole mpaka picha itulie. Anayeishika mbali na jicho ataona kiduara kidogo tu, na pengine atailaumu lenzi isiyo na kosa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni Marasmius rotula, ingawa huo hupenda zaidi vijiti vilivyooza kuliko majani. Ukiugeuza, unaona kuta nyembamba zinazozaa spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi wa uyoga, nazo kuta hizo ni chache hata zinahesabika. Hazigusi shina, bali zimeshikamana na pete ndogo inayolizunguka, kama spoki za baiskeli zinavyoshikamana na kitovu cha gurudumu. Hata jina lake la Kilatini lina maana ya gurudumu dogo. Kwa macho matupu pete hiyo karibu haionekani. Kwa lenzi hii haikunichukua hata dakika moja kuipata.

Niliijaribu pia kwa uyoga wa Marasmius uliokauka na kujikunja. Nilidondoshea tone la maji, na nikiwa bado nimeweka jicho kwenye lenzi niliona mikunjo ikilegea na kofia ikitanuka tena. Sifa hiyo ya kufufuka ndiyo ambayo Elias Fries, mtaalamu wa kuvu wa Uswidi katika karne ya 19, aliitumia kuitenga jenasi hii na nyingine. Kwenye jani lenyewe nilifuatilia mabaka yaliyopauka, mahali ambapo nyuzi za kuvu zimekwisha kula lignini, yaani ile sehemu ngumu ya mmea ambayo viumbe wachache sana wanaweza kuimeng'enya. Niliona pia kamba nyeusi nyembamba zinazotambaa kutoka jani moja hadi jingine, ambazo baadhi ya ndege huzisukia viota.

Taa ndogo iliyojengewa ndani haikunifaa. Mwanga wake huangaza kutoka mbele moja kwa moja na kufuta vivuli vinavyoonyesha mifereji ya kofia, hivyo niliizima na kugeukia mwanga wa pembeni. Skrubu ya kifuniko nayo ililegea mapema, ikanibidi kuikaza mara kwa mara.

Niliilinganisha na lenzi ya mara 20 na sikuona sababu ya kuhama. Kwa kuwa ile hulazimu jani liwe milimita 12 hivi kutoka kwenye kioo, kichwa chenyewe huzuia mwanga, na ukipata ukingo wa kofia kwa usafi, shina limekwisha kufifia. Spora hazionekani kwa lenzi yoyote kati ya hizi mbili. Kwa hizo ni lazima hadubini. Anayetaka kujua rangi ya spora tu anaweza kuilaza kofia juu ya karatasi nyeusi usiku kucha chini ya bilauri, na asubuhi akaichunguza chengachenga nyeupe iliyodondoka kwa lenzi hii ya mara 10.