Kichujio cha sponji kwa tangi la mkia-upanga: kelele zake nazivumilia

Wenye haraka wachukue hili waende zao: kama tangi lako lina samaki wa aina ya mkia-upanga (swordtail), madume kwa majike, nunua kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Ile mashine ya mota inayoning'inizwa ukingoni mwa tangi iwe msaidizi tu, au isiwepo kabisa. Mimi nimezitumia zote mbili kwa samaki hawahawa, na iliyobaki kazini ni sponji.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Ni bonge la sponji nyeusi lililotobolewa katikati, likapitishwa bomba la plastiki, likawekewa kitako kizito. Mpira mwembamba unatoka kwenye pampu iliyo nje ya tangi na kuingiza hewa chini ya bomba. Mapovu yakipanda yanapanda na maji, na maji mengine hayana njia ya kuingia bombani ila kwa kupenya kwenye sponji. Taka zinanasa humo. Ndani ya maji hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna cha kuharibika, na hakuna cha kumvuta kifaranga wa samaki.

Hapo kwenye kifaranga ndipo penye hoja yangu yote. Mkia-upanga hatagi mayai, anazaa. Jike hukaa na mimba yapata wiki nne, na akizaa hutoa vifaranga ishirini, hamsini, pengine hata zaidi ya mia akiwa mkubwa. Halafu huhifadhi mbegu za dume mwilini, hivyo hata ukimtenga peke yake ataendelea kuzaa kwa miezi. Kifaranga anatoka akiwa na urefu wa karibu sentimita moja, anaogelea papo hapo, na anajua kujificha kuliko unavyodhani. Anachoshindwa ni kushindana na mota. Ukiwa na mashine ya mota isiyofunikwa mdomo, utakuwa unawaokota chumbani mwa kichujio kila unapokifungua, wengine wazima, wengine ndiyo basi tena.

Kwa sponji mambo hugeuka. Keti mbele ya tangi siku chache baada ya jike kuzaa, utawaona vifaranga wamejipanga juu ya sponji, vichwa chini, wanadonoa. Sponji iliyokaa ndani ya maji muda mrefu huota utando wa vijidudu na mwani, na mabaki ya chakula hukwama humo, kwa hiyo kwao ni meza isiyoondolewa. Hata majike wakubwa huja kuchuna. Hilo halikuandikwa popote kwenye boksi, na kwangu lina uzito kuliko maneno yote ya wauzaji.

Kilichoandikwa kwenye boksi ni kwamba kinafaa tangi la lita mia mbili. Sikubali. Mkia-upanga si samaki mdogo kama wanavyomuuza. Jike aliyetunzwa vizuri anapita sentimita kumi, anakula sana na anachafua kwa kiasi hichohicho. Kwa tangi la lita mia na familia yenye dume mmoja na majike watatu, mimi naweka viwili, kimoja kila upande. Faida ya viwili utaiona siku ya kuvisafisha.

Maana sponji si chujio la kushika uchafu tu. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, makazi yao makuu ni kwenye zile tundu. Ukiipeleka sponji kwenye bomba la jikoni ukaisugua mpaka ing'ae, klorini inawamaliza, na amonia inaanza kupanda tangini bila wewe kuona kitu mpaka samaki waanze kuhema juu juu. Usafi wake ni huu: siku ya kubadilisha maji, chota maji ya tangi kwenye ndoo, ikamue sponji humo mara kadhaa, rudisha. Maji ya ndoo yatakuwa rangi ya chai ya rangi, na hayo mwagia maua. Kamua moja leo, nyingine wiki ijayo. Na usidanganyike kwamba ukiwa na sponji mbili hutabadilisha maji. Nitrati haitoki kwa sponji, inatoka kwa ndoo. Mimi hubadilisha robo ya maji kila wiki.

Sasa lawama zake.

Kelele ndiyo ya kwanza. Pampu inanguruma, mapovu yanabubujika. Pampu ukiilaza juu ya kitambaa kilichokunjwa nguruma inapungua nusu, na ukichomeka jiwe la hewa, kile kijiwe chenye vitundu vingi, ndani ya bomba mapovu yanakuwa madogo, mlio unalainika, na maji yanapanda vizuri zaidi. Mwenye kutaka kimya kabisa chumbani mwake bado hatafurahi.

Pili, mkondo ni mdogo. Mkia-upanga kwao ni mito na vijito vya Meksiko na nchi za jirani kusini mwake hadi Honduras, na madume hasa wanapenda kuelekeza kichwa kwenye maji yanayokuja na kupiga mkia. Kwa sponji tupu wanapoa kidogo. Dawa yake ni kiwiko kile kinachovishwa juu ya bomba: kigeuze kitazame urefu wa tangi, kiwe karibu na uso wa maji, na utapata mkondo wa kuridhisha. Anayetaka mkondo zaidi aongeze mashine ya mota, lakini mdomo wake auvalishe sponji.

Tatu, mapovu yanarusha matone kwenye kifuniko, na kwa kuwa samaki hawa wanataka maji magumu, yaani yenye madini kama chokaa kwa wingi, kifuniko kinapata ukoko mweupe. Siki inautoa. Kifuniko chenyewe usikiondoe kwa kuchoka kukifuta, maana mkia-upanga ni mrukaji hodari, na tundu la kupitishia mpira wa hewa lisizidi unene wa mpira. Dume anayefukuzwa na mwenzake hahitaji nafasi kubwa kutokea.

Vile vikombe vya mpira vya kukibandika kiooni ni upuuzi mtupu. Vinakakamaa, vinaachia, na kichujio kinaelea kikipepesuka tangini. Chagua chenye kitako kizito, na kabla ya kukiwasha ikamue sponji chini ya maji mpaka hewa yote iishe, la sivyo kitaelea tu hata kikiwa na kitako. Kitu kingine ambacho hukikuti ndani ya pakiti nyingi: vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika na pampu iko chini ya usawa wa tangi, maji hushuka na mpira hadi kwenye pampu, kisha sakafuni. Inunue pembeni, au tundika pampu juu zaidi ya maji.

Kwa alama nakipa nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na vikombe vya mpira na ule uongo wa lita mia mbili.

Mwenye tangi jipya aanze navyo viwili mapema, na samaki aweke mmoja mmoja, kwa sababu bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kama jirani anafuga na samaki wake ni wazima, mwombe sponji yake kuukuu, hata ikiwa imechakaa. Utakuwa umeruka sehemu kubwa ya kusubiri huko. Sponji ya vitundu vikubwa ndiyo ya kuchagua, ile ya vitundu vidogo sana inaziba upesi. Inadumu miaka. Siku ikikamuliwa isirudi umbo lake, nunua nyingine, ziache zikae pamoja tangini mwezi mzima, ndipo uitoe kuukuu.