Nilienda Boxmeer kuangalia baiskeli siku moja baada ya Tour de France, uzoefu wangu

Wadau wa baiskeli habarini, hii nawaandikia nyie mlioko Uholanzi, Ubelgiji au Ujerumani huku karibu na mpaka, maana kila mwaka mnaniuliza kama kuna haja ya kulipa kiingilio kwenda kuangalia mashindano ya kijijini. Ipo, tena kubwa, ila ujue unachoenda kuangalia.

Mimi nimekulia Shinyanga, baiskeli kwetu ndo daladala, ndo inabeba mgonjwa, ndo inabeba magunia ya mkaa, na sasa niko Nijmegen, Uholanzi, na Tour ya Julai, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya wiki tatu ya Ufaransa, sikosi hata siku moja kwenye tv. Sasa wale wale unaowaona wanamaliza Jumapili, Jumatatu yake wengine wanakuja Boxmeer, kamji kadogo ka mkoa wa Brabant pembeni ya mto Maas, kama nusu saa kwa treni kutoka kwangu. Wenyewe wanayaita Daags na de Tour, yaani siku inayofuata baada ya Tour.

Wanafunga mitaa kwa uzio wa chuma, kanabaki kamzunguko kafupi katikati ya maduka na nyumba za watu, halafu wanazunguka hapo hapo raundi baada ya raundi. Ukienda kusimama barabarani kwenye Tour yenyewe unasubiri masaa manne, kundi linapita nusu dakika, basi umemaliza. Hapa hujamaliza kumeza chipsi wameshafika tena. Mchana mitaa ile ile kuna watoto wanashindana na baiskeli zao za kawaida za shule, wazazi wanakimbia pembeni wanapiga kelele, mi hiyo peke yake ilinifurahisha sana.

Ushauri wangu kaa kwenye kona, achana na mstari wa kumalizia. Nilisimama kona moja yenye marobota ya majani makavu yamefungwa kwenye nguzo ya taa, nimeegemea uzio kabisa, na kabla hujawaona unasikia kwanza, ule mlio wa magurudumu kama nyuki wengi, wakifika kwenye kona wanaacha kupiga pedali kwa pamoja, zinabaki ticktick za gurudumu la nyuma, wanalala na baiskeli mpaka unadhani goti litagusa chini, wakinyooka tu wote wanasimama juu ya pedali na upepo wao unakupiga usoni na harufu ya mafuta ya kuchua misuli. Kwenye tv hicho kitu hukipati hata siku moja. Niliona mapaja yana makovu mabichi ya kuanguka, bandeji bado iko kwenye kiwiko, mtu katoka kuendesha wiki tatu na leo yuko hapa anapungia watoto.

Sasa kuna jambo lazima niliseme wazi ili usije ukalalamika. Wapandaji wakubwa hapa wanalipwa kuja, na mwenye jina kubwa analipwa zaidi, na ni desturi ya miaka mingi kwamba mshindi anatoka kwa wale ambao watu wamekuja kuwaona, yaani matokeo ni kama yamepangwa. Zamani mishahara ilikuwa midogo, hizi wiki za baada ya Tour ndo zilikuwa hela yao ya maana. Babu mmoja niliyesimama naye hilo halimsumbui hata kidogo, yeye ananihadithia Joop Zoetemelk alivyochukua Tour 1980, na mpaka leo wanaume wa Kiholanzi waliowahi kuishinda ni wawili tu, mwingine Jan Janssen 1968, akasema anachotaka yeye ni mjukuu wake awaone kwa macho. Mimi nakubaliana naye. Spidi pale si maigizo, kona ile hakuna anayeigiza.

Kilichoniudhi ni tokeni. Chakula na bia hununui kwa hela wala kadi, unapanga foleni ununue tokeni, halafu foleni nyingine ya chakula, mi nikakosa karibu raundi kumi, na zilizobaki kibanda kiligoma kunirudishia hela. Nunua chache, na maji beba ya kwako. Treni ya kurudi usiku nayo inajaa mno, ukija na baiskeli yako ni raha zaidi.

Mbio zilipoisha kijana mmoja kutoka lile kundi la mbele akasimama karibu yetu, jasho linadondoka kwenye usukani, mjukuu wa babu akampa kofia asaini, akasaini, halafu akachomoa chupa yake ya maji akampa. Mtoto hakuinywa, aliishika kwa mikono miwili mpaka stesheni.

Mwakani Jumatatu nitakuwa Boxmeer, na Jumatano yake naenda Chaam huko upande wa Breda, nako kuna mbio kama hizi, wale wameanza tangu 1933. Likizo nimeshaomba, anayetaka tuongozane aseme mapema.